Kadi Nambari 214

Ganjoni, orofa ya tatu, juu ya duka la vipuri,
feni yakata joto vipande vipande
na kuturudishia lilelile.
Ukutani, kwenye skrini, ubao wetu:
Inangoja. Imeshikwa. Imekwisha.
Safu zimenyooka kuliko maisha ya yeyote kati yetu.

Tunaunda mfumo wa ghala moja la Shimanzi:
kontena likiingia lihesabiwe saa,
saa zigeuke shilingi.
Na kila kazi, hata kukoleza rangi ya kitufe,
imekatiwa kadi, imepewa mwenyewe, imepigwa tarehe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Kabla ya ubao tuliishi kwa sauti.
Kazungu aliandika ahadi kwenye karatasi ya mahamri,
mafuta yakazifuta;
Mwanatumu alizifungia kichwani,
mimi kwenye simu iliyotumbukia ndooni
siku maji ya mfereji yalipokatika.
Tuliwahi kuunda ukurasa mmoja mara mbili,
huyu dirishani, yule mlangoni, mgongo kwa mgongo,
na kurasa zikakutana mbele ya mteja
kama wake wenza harusini.
Ubao ulikomesha aibu hiyo. Sina budi kuushukuru.

Lakini ubao hujua kadi, haujui mtu.
Ghala likalalamika: makontena ya asubuhi
yanatozwa saa sita ambazo hayakulala pale.
Mwanatumu akazama ndani ya msimbo siku tatu,
akaibuka macho mekundu, mikono mitupu.
Hakuna kadi inayoitwa Kutafuta.
Kwenye mchoro wa wiki jina lake likakaa na sifuri,
na Kazungu, aliyefunga tisa,
kitufe, kitufe, herufi kubwa, kitufe,
mstari wake ukapaa hata Faiz akampigia makofi.
Kazungu mwenyewe aliangalia viatu.
Wiki iliyofuata Mwanatumu naye akajifunza:
kazi moja akaikata kadi saba.

Sasa ile 214.
Ya Shee, aliyekwenda Doha mwaka juzi
akaacha kikombe, chaja, na kadi moja safu ya kati.
Kila Jumatatu programu humkumbusha, nasi hupata nakala:
Shee, umechelewa siku mia nne na kumi na moja.
Tukicheka. Kuna aliyetaka tuikatie keki.
Hakuna aliyeifungua,
maana kichwa chake kilisema tu: "Saa".

Usiku wa Alhamisi, wenzangu wameshashuka ngazi,
nikaifungua kwa uchovu,
kama mtu afunguaye jokofu na hana njaa.
Chini kabisa, chini ya picha, chini ya utani,
maneno yake:
"Karani wa zamu ya asubuhi, Mzee Nyanje,
anaandika saa yetu. Mbili yake ni nane ya mashine.
Msimkosoe, yuko pale tangu hatujazaliwa.
Fomu ndiyo iulize vizuri."

Nikakaa kitako.
Jibu lilikuwa ukutani mwetu zaidi ya mwaka,
limehifadhiwa, lina tarehe, halikupotea hata nukta,
na chombo kilichotutunzia
muda wote kilipigia kelele kuchelewa tu.

Nikaongeza kisanduku kimoja kwenye fomu.
Penye jina la mtendaji nikamweka Mwanatumu.
Nikaikokota 214 hadi Imekwisha,
vikaratasi vya rangi vikamwagika skrini nzima
kisha programu ikauliza: saa ngapi?
Nikajaza mbili. Ijijue.

Halafu nikamwandikia Shee.
Doha na Mombasa hatupishani hata dakika.
Akajibu papo hapo:
"Kadi gani?"