Tofali Lililogeuzwa

Alikuja Tegeta na simu iliyopasuka kioo,
Msanifu Kokushubira, buti jipya, vumbi la kwanza.
Akanionyesha dunia kwa kidole gumba:
ghorofa la Hanoi lenye ukuta wa matundu matupu,
darasa la Burkina, paa limenyanyuka juu ya kuta
kama mtu aliyevua kofia kusalimia,
kiti cha Denmaki kilichopindwa kwa ubao mmoja
("Hiki hakituhusu," akasema, "nakipenda tu").

Kisha chake. Tofali moja.
Tundu lake halikunyooka: liliingilia chini, likapanda,
likatokea juu upande wa pili, kama koo.
"Upepo utapanda. Mvua haijui kupanda."

Mimi nafyatua tofali mwaka wa kumi na tisa.
Ya inchi tano, ya inchi sita, ya msingi, ya uzio,
na yale ya urembo yenye ua katikati,
ambayo watu huyatamani hela ikishaisha.
Hakuna aliyewahi kuniuliza tofali linapumuaje.

Kalibu aliichapa kwa mashine, plastiki ya rangi ya chungwa,
nyepesi kama sahani ya shughuli.
La kwanza likanata.
La pili likatoka bila mdomo.
La tatu Pazi akalipokea kama kichanga,
likamvunjikia mikononi.
Kompyuta yake ilikuwa imepiga hesabu ya pepo za mwaka mzima,
haikuambiwa kwamba zege halipendi kona kali.
Nikamwambia mimi. Akanyamaza. Akaomba tupa.
Akakalia ndoo, akazisugua kona zile mpaka adhana ya magharibi,
nami nikaenda kuomba oili chafu gereji ya jirani.

La kumi na moja lilitoka zima.
Hatukushangilia. Tuliliweka kivulini, tukalinywesha siku saba.
Ya nane nikawasha dawa ya mbu upande huu,
tukainama upande ule, vichwa vitatu,
tukausubiri moshi kama mgeni aliyepiga simu kwamba yuko njiani.
Ukaja. Mwembamba, umejipinda,
ukamwingia Pazi puani.
Alipopiga chafya ndipo tulipocheka.

Elfu mbili mia nne.
Zahanati moja Mbagala, ukumbi wa wajawazito.
Tulifyatua wenyewe, tukajenga wenyewe.

Kule Posta maghorofa yamevaa vioo vya nchi za theluji,
yanagombana na jua mchana kutwa
kisha yanawatemea wapita njia maji ya viyoyozi kisogoni.
Siyasemi vibaya, yamenilisha.
Ila sijawahi kuusikia ukuta wake ukishusha pumzi.

Machi nikampeleka binti yangu Zuhuriya.
Umeme umekatika. Wanawake ishirini na matumbo yao,
kanga zimetulia mapajani,
na lile boksi la kujipepea liko chini ya benchi
paka amelilalia.
Hakuna aliyeutazama ukuta.
Nilitaka kumgusa mmoja bega nimwambie,
nikaona haya.

Ndipo ikaja mvua ya ubavu, ile isiyopiga hodi.
Matofali yakaipokea, yakairudisha nje,
safu kwa safu, bila neno.
Moja likalia.
Safu ya nne, karibu na dirisha la dawa.
Nililijua kabla sijasimama: Ijumaa ile,
Pazi anawahi swala, kaliweka juu chini.
Nililiona. Nikasema, tutalirudia kesho.

Tone. Tone.
Mtoto akakinga kiganja, akaonja, akakinga tena.
Muuguzi akauliza, kwani fundi wa ukuta huu ni nani?
Nikasogeza benchi.
Nikatazama dari kama wenzangu.

Usiku, mjukuu ameshafika, kilo tatu na nusu,
nikamwandikia Kokushubira:
njoo na patasi.
Pazi asijue.