Robo ya Asilimia

Mvua ya Llanelli haibishi hodi. Imeingia na buti za kijana wetu
hadi chini ya meza. Eirlys amepangusa kitambaa cha plastiki,
nami nimetandaza makabrasha matatu ya pensheni.

La kwanza lina picha:
wazee wawili wenye meno meupe wakikimbia ufukweni na mbwa.
"Hili," nasema, "lina meneja. Unampigia simu wakati wowote."

Eirlys hatazami mbwa. Anafunua ukurasa wa mwisho,
anasogeza miwani, anasoma maandishi ya sisimizi:
asilimia moja nukta sita, kila mwaka,
faida iwepo, isiwepo.

Huyu ndiye aliyejua bei ya viazi kwa maduka manne
miaka thelathini na mmoja, kwa mshahara wangu wa kiwanda cha bati.
Aliyemlisha mama yangu kwa kijiko
hadi mama alipokikataa kijiko.
Kodi haikumwona. Hakuwa na cha kukatwa.

"Haba na haba hujaza kibaba," nasema.

"Na haba na haba hukikomba," anajibu, keshashika penseli.
Nyuma ya bahasha ya gesi:
elfu mbili mia nane na themanini tukiweka sisi,
serikali inaongeza mia saba na ishirini,
hata kwa asiyelipa kodi.
Hata kwa yeye.
"Nipewe bure, halafu nimlishie meneja mbwa wake?"

Tukachukua la tatu, lisilo na picha,
karatasi yake nyembamba kama ya risiti.
Mfuko unaofuata soko kama kivuli, linapopanda, linaposhuka.
Robo ya asilimia.
Na siku ya kuchota, akichota kidogokidogo,
kodi haitamwona tena,
safari hii kwa raha zake.

Fomu ikauliza: Kazi.
Kalamu ikasimama. Nikasikia friji ikinguruma.
Nilikuwa na neno, nikalimeza na chai iliyopoa.
Akachora kistari.
Mwajiri: kistari.
Jina kamili: akaandika yote, na lile la baba yake,
ambalo sijaliona tangu daftari la kanisa.

Siku ya kumi na moja, Jumanne, bahasha ikaanguka mlangoni.
Nikachomeka kidole kwenye pindo lake, mazoea tu,
kama ninavyofungua kila barua ya nyumba hii.

"Glyn," akasema. "Hiyo yangu."