Konrodi ya Silinda ya Nne

Miezi kumi na minne tuliitafuta konrodi moja.
Injini ya nyota, silinda saba,
kiwanda chake kilifungwa kabla mama yangu hajaota meno.
Niliandika barua hadi Kordoba, hadi Brno,
kwa makumbusho, kwa wajane,
kwa bwana mmoja wa Winnipeg aliyejibu, "Ninazo kumi,"
kumbe hana hata moja.

Ya kwanza ilikuja na cheti, na muhuri mwekundu.
Thora Eyjolfson akaigeuza mara moja tu kwenye mwanga.
"Itazame hii nne. Imezibwa kichwa.
Wale waliigonga nne iliyo wazi,
kama kiti kilichopinduliwa."
Akaitupa pipani.
Dola mia sita zikalia kwenye bati.

Januari ikapigwa simu kutoka kaskazini ya Dauphin.
Odarka Bilyk, miaka themanini na tisa:
marehemu aliacha sanduku ghalani, chini ya magunia ya shayiri,
"Sijui ni vitu gani. Ni vizito, na vinanuka dawa."

Saa tano barabarani, theluji ikivuka lami kama moshi uliopotea njia.
Ndani ya sanduku, karatasi ya nta,
grisi iliyoganda ikawa na rangi ya asali,
na ndani ya grisi konrodi mbili, pacha,
nne zao wazi.
Hazijawahi kuonja moto.

Nikauliza bei.
Akasema, "Siku itakapowaka nipigieni.
Msiongee. Isogezeni tu simu karibu nayo."

Ya kale ni dhahabu, husema watu.
Lakini dhahabu hairuki,
na chuma kilichonyamaza miaka themanini
hujui kimemeza nini.

Tunayo mashine ya sumaku, tunayo taa ya zambarau.
Thora huanza kwa njia ya baba yake:
aliifunga ya kwanza kwa uzi, akaining'iniza,
akaigonga kwa nyundo ndogo ya shaba.
Ikalia, ikalia, hata nikasahau kupumua.
Ya pili nayo ikalia vizuri, ila ikakoma mapema kidogo,
kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya sentensi.

Hakusema kitu. Akazilaza zote katika mafuta ya moto,
akazifuta zikakauka, akazipaka chaki
nyeupe pe, kama mikono ya mwokaji,
akazima taa, akaenda kulala.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa nyeupe vilevile.
Ya pili, pale shingoni, ilikuwa imetoa jasho:
mstari mmoja wa mafuta,
mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga.

Ufa wa kuzaliwa.
Ulitoka nao kwenye tanuri,
ukangoja katika harufu ya shayiri
mtu wa kuuamini.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Huu hauzibiki.
Na futi elfu tatu juu ya Ziwa Winnipeg
ukuta utaujenga wapi?

Nilitaka tuiweke kabatini, kwa kumbukumbu tu; ilikuwa nzuri mno.
Thora akaleta msumeno.
"Kibovu kikibaki kizima,
iko siku mtu atakifunga."
Hakutaja habari za kaka yake.
Picha yake imetundikwa juu ya vernia, kila fundi anaijua.
Alikata polepole. Vipande viwili, kisha vinne.

Aprili, kiwanja kingali tope,
injini ilikohoa moshi wa buluu, ikashika silinda tano,
ikashika sita,
ikasita,
kisha ile ya nne ikaitikia.
Nilinyoosha mkono wenye simu hadi bega likauma.

Tulipoizima niliisikia pumzi yake upande wa pili.
"Na ile nyingine?" akauliza Odarka.
Nikamwambia kweli.
Akanyamaza.
"Basi ndiyo maana," akasema,
akakata simu,
wala hakuniambia ndiyo maana ya nini.