Ukurasa wa Shukrani

Ghala liko nje ya Newport, upande wa mto.
Zamu inaanza saa nne usiku
na vitabu vinarudi kama watoto waliofukuzwa ada:
marobota, vingine hata kamba haijafunguliwa.
Kazi yangu ni kuchana. Jalada huku,
kiwiliwili kule, juu ya mkanda
unaokwenda kwenye meno.

Mwenzangu ni Dilys. Amebakiza mwaka apate pensheni.
Miaka thelathini alisoma prufu
katika kiwanda cha chapa ambacho sasa ni fleti,
na huruma kwa waandishi hana.
"Huyu," asema, akikipima kitabu kiganjani
kama nyama buchani,
"alilipwa kabla hajaandika. Ndiyo maana ni kinene."

Mimi nina ugonjwa wangu.
Kabla sijachana nageuza nyuma, nasoma shukrani tu.
Aliyemuua tajiri katika hadithi simjui,
lakini namjua mume aliyepika miaka sita,
namjua wakala aliyesema andika upya, andika upya,
na mbwa mmoja, marehemu sasa,
aliyelalia miguu ya mwandishi sura zote ishirini.
Benki haishukuriwi.
Na kila mara, mstari wa mwisho:
makosa yote yaliyobaki ni yangu.

"Uongo," asema Dilys.
"Yaliyobaki yalikuwa yangu mimi.
Kuna koma ilinipita mwaka wa themanini na sita,
mpaka leo naamka nayo."

Nikamuuliza: mchapishaji anajuaje kitakachouzwa?
Akacheka hata akakohoa.
"Hajui. Angejua, mimi na wewe tungekula wapi?"

Sikumwambia siku hiyo. Nilimwambia Machi,
mashine ilipokwama na fundi hajafika.
Nikamwambia kuhusu madaftari yangu manne,
na barua kutoka London
yenye adabu ya nesi anayeficha sindano:
kazi imetugusa, ila hatuoni
tungeiweka kwenye rafu gani.

"Umefika wapi?"
Nimemaliza shukrani, nikasema. Mengine bado.
"Basi soma. Kwa lugha yenyewe, usinitafsirie."

Nikasimama kati ya marobota, koti la njano mwilini:

*Nashukuru mwenye nyumba, kwa kudai taratibu,*
*Na taa iliyofumba, nikaandika kwa tabu,*
*Na kalamu nilokomba, wino wake kwa ghadhabu,*
*Asiyesoma naomba, asikichane kitabu.*

Dilys alikuwa amekunja vidole, akakunjua.
"Nane. Kisha nane. Umezihesabu."
Zinaitwa mizani, nikamwambia.
"Kwetu kanisani nyimbo zina namba pembeni,
nane, saba, nane, saba.
Mama aliweza kuimba namba zenyewe."
Akanyamaza. Kisha:
"Na hiyo mba, mba, mba katikati,
hiyo ni rafu. Waandikie London. Waambie
rafu ndiyo hiyo."

Akaokota jalada lililochanwa,
la mpishi fulani anayecheka na kamba wa baharini,
akaligeuza upande mweupe, akatoa penseli.
Rudia, polepole.
Nikarudia. Akaandika kama sikio lake la Kiwelshi lilivyosikia:
kila palipo na *u* akaweka *w*.
*Nashwcwrw.*
Nikahesabu makosa, yakafika kumi na moja, nikaacha.

"Sahihisha," akasema, akinipa penseli.
Sikuipokea.
Makosa yote yaliyobaki, nikamwambia, ni yako.

Fundi akaingia, amelowa, anailaani barabara.
Dilys akalitia lile jalada kwenye kisanduku cha chakula,
ubavuni mwa maganda ya yai,
na mkanda ukaanza tena
kabla sijavaa glavu ya pili.