Mkanda

Dukani Mlandege, Nassib ananitajia:
kumbukumbu gibi kumi na sita, diski tera mbili,
kioo kisichodanganya rangi.
"Hata hina ya mwaka tisini na moja?"
Akadhani natania.

Kaseti kumi na moja mkobani,
zimevuka nami kutoka Wete,
zimeota ukungu kama mkate wa juzi.

Kompyuta si kazi, anasema fundi Haroub,
kazi deki: imekatika mkanda.
Na mkanda hauchezi bila mkanda.
Kipira tu, upana wa bangili ya mtoto,
Darajani nzima hakuna.

Nikaiacha mashine ya taa nyekundu,
nikachukua ndogo, iliyokwishatumika,
herufi M imefutika.
Chenji nikampa Haroub.
Siku ya nne kakitoa kipira
kwenye redio kaseti ya marehemu babake.
Hakunambia;
niliiona imelala wazi mezani.

Chenga. Chenga tena.
Kisha shangazi Bimsira, kisu na vitunguu,
anaiziba kamera kwa kiganja:
"Niondokee miye!"

Nikasimamisha hapo.
Hina imekolea mno, karibu nyeusi.
Labda kioo kinadanganya.
Kitufe cha kurekebisha rangi nakiona,
sikigusi.