Herufi Moja

Wakishatoka wote, nafunga biro,
naacha kalamu nyekundu mezani
na barua ya inspekta chini ya jiwe, isipeperuke.
Huku Cimpunda upepo hupanda mlima kwa haraka kuliko watu,
na mvua ikinyesha ukuta wetu wa chini hutembea:
mwaka jana hatua mbili, mwaka huu sijapima.

Nina walimu kumi na mmoja.
Sita wana nambari ya serikali. Watano hawana,
wanafundisha kwa jina tu,
na mwisho wa mwezi wote wanatazama mikono yangu
kana kwamba mshahara ni yai na mimi ni kuku.
Bisimwa ameuza redio. Nsimire ananyonyesha
nyuma ya kabati la ramani.
Zihalirwa hasemi kitu; anakohoa chaki,
na kikohozi chake nakijua kama kengele.

Mchana natoa majibu.
"Itakuja, mwalimu." "Vumilia, mama." "Ndiyo, bwana inspekta."
Watoto mia moja na kumi na wawili darasa la pili,
benchi kumi na tisa. Fanya hesabu.
Mimi nimeifanya kitandani, badala ya usingizi,
na kila mara kuna mtoto anayebaki amesimama.
Mume wangu aliuliza: mbona unasaga meno ukilala?
Nikasema nasaga muhogo.
Akacheka peke yake.

Basi jioni, wakishatoka wote, naingia darasa la pili.
Naokota kipande cha chaki, kile kifupi cha mwisho
ambacho mwalimu hukitupa kwa aibu,
naandika.

Si sala. Si hotuba.
Siku moja niliandika jina la mtu wa banki, nikalifuta kwa mate.
Siku nyingine deni langu lote, kwa tarakimu za Kirumi:
lilipendeza, kama la mfalme.
Halafu nafuta. Napiga kitambaa dirishani,
vumbi jeupe linashuka kuelekea ziwa,
nami nashuka nalo, mwepesi kidogo,
kununua sambaza kwa mama wa kona.

Alhamisi ile mvua ilinikimbiza.
Niliandika neno moja, radi ikapiga,
nikatoka na mwavuli uliovunjika mbavu.
Sikufuta.

Asubuhi nachelewa, njia imekatwa na tope.
Namkuta Nsimire mlangoni, mtoto mgongoni,
kidole mdomoni: usiwakatize.
Watoto mia moja na kumi na wawili wanaandika.
Wamekuta neno ubaoni, wakadhani ni kazi.
Ulimi nje, mkono umezunguka daftari, wanalinakili:
NIMECHOKA.
Mistari mizima. Kurasa mbili.
Hata aliyesimama, amelaza daftari mgongoni mwa mwenzake.

Nsimire hakuuliza ni nani. Anaijua k yangu,
yenye mguu mrefu. Alinishika kiwiko, akasema polepole:
"Mwandiko mzuri, direktrisi.
Leo jioni uniachie nafasi, chini hapo."

Nilibeba rundo la madaftari nyumbani, nikasahihisha.
K ndefu, k kilema, h iliyogeuka kiti.
Nimechoka, nimechoka, nimechoka,
kwa penseli, kwa biki, mmoja kwa mkaa.
Tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kunijibu hivyo.

Na la Murhula mdogo, wa benchi la mwisho,
yule mwenye kandambili mbili za kushoto,
aliyekosea herufi moja tangu mstari wa kwanza
na kuiendeleza kwa uaminifu hadi chini ya ukurasa:
Nimecheka. Nimecheka. Nimecheka.

Kalamu nyekundu ilikaa hewani.
Huko juu ukuta ulitembea, nadhani.
Nikampa kumi juu ya kumi,
nikafungua la mtoto anayefuata.
Yalikuwa yamebaki sabini.