Mzani wa Sabasaba

Nina mwavuli, mzani, na kipande cha boksi
nilichoandika kwa kalamu nene: PIMA UZITO, PRESHA.
Uzito mia tano. Presha elfu moja.
Nakaa kwenye kona ya soko la Sabasaba, Dodoma,
upepo wa Julai unaninyanyulia mwavuli
na kuniachia vumbi jekundu katika meno.

Watu huvua viatu kabla ya kupanda
kama wanaoingia kwa mkwe.
Wengine hutoa funguo, simu, hata pete;
wanataka namba iwahurumie.

Bwana Mkumbukwa wa wizarani huja kila mwisho wa mwezi.
Alihamishwa kutoka Pwani, yeye na mafaili yake,
akakiacha kule kijia alichokuwa akikitembea kwenda kazini.
Sasa gari linamchukua mlangoni, linamshusha mlangoni, Mtumba,
kiti kinampokea,
chai ya saa nne ina sambusa tatu,
kikao kina soda, semina ina soda na pilau.
Anapanda. Mshale unakimbia.
"Mzani wako mbovu," ananiambia, "umeingia vumbi."
Nampa kadi. Anaikunja mara nne
mpaka inakuwa ndogo kuliko tatizo.

Mama Nyemo huponda kokoto mlimani Ntyuka.
Mwembamba kama mchi, kilo arobaini na saba.
Nikamfunga kitambaa cha presha nikitegemea amani:
mia moja themanini kwa mia moja na kumi.
Nikapima mkono wa pili. Vilevile.
"Unakula chumvi nyingi, mama?"
Akacheka mpaka kanga ikamteleza.
"Mwanangu, kisima chetu chenyewe ni chumvi.
Mlenda nautia magadi; maji yamekwisha jitia yenyewe."
"Na usingizi?"
"Nalala lori likishaondoka."
Lori la kokoto hufika saa saba usiku,
na asiyekuwepo, rundo lake halipakiwi.

Zahanati walimwambia abadili mtindo wa maisha.
Mtindo!
Kana kwamba maisha ni nywele,
unakaa kitini unasema: hii fumua, nisukie nyingine.

Mimi sijui mengi. Shule niliishia kidato cha pili.
Ila mama yangu kule Chilonwa ananitambua kwa sauti.
Kope zilimgeukia ndani, zikamkwaruza mboni
miaka na miaka,
kwa sababu maji ya kiangazi yalikuwa na foleni yake:
kwanza ndama, halafu chungu, halafu mgeni,
na uso wa mtoto ukangoja mvua.
Hakuna aliyeamua apofuke.
Kila asubuhi liliamuliwa jambo dogo tu.

Jana alikuja Ndahani, muuza maji wa Chang'ombe,
baiskeli imebeba madumu sita.
Akafungua mawili, akashika moja kila mkono,
akapanda nayo, viatu miguuni.
"Yaweke chini kwanza," nikamwambia.
"Haya ndiyo naamka nayo," akasema.
Mshale ukatetemeka, ukasimama tisini na nne.
Akayaweka chini, akapanda tena mikono mitupu:
hamsini na mbili.
Nikachukua kadi, nikamuuliza niandike ipi.
Akafuta jasho kwa kiwiko, akatazama barabara
kama mtu anayetafuta jibu kati ya bodaboda.
"Andika zote mbili."

Mfukoni alikuwa na mia tatu.
Mia mbili iliyobaki akanilipa kwa kikombe cha maji.
Yalikuwa na chumvi.
Nikayanywa yote.